Miguu Minne ya Saruji

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha polisi, Goma, Kivu ya Kaskazini
Jumanne, tarehe 8 Machi 2022, saa tatu na dakika kumi asubuhi
Mbele ya Afisa Aksanti, mpelelezi

Jina: Katungu Ernestine
Umri: miaka 69
Mahali pa kuzaliwa: Butembo
Kazi: mwalimu wa shule ya msingi, mstaafu
Makao: Lac Vert, kando ya barabara ya Sake
Uhusiano na mtu anayeshikiliwa: jirani

Kwanza naomba radhi kwa kukaa kimya siku ishirini na nne. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa safarini. Hakuna mtu aliyenitisha. Nilikuwa nyumbani kwangu, hatua thelathini kutoka mahali pa tukio, na nilijua ninachopaswa kusema. Kwa hiyo nisihesabiwe miongoni mwa walioogopa. Nihesabiwe miongoni mwa waliojua wakanyamaza.

Nimemwomba Afisa aniruhusu kuandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nimefundisha watoto kuandika kwa miaka thelathini na minane, na sitaki mtu mwingine abebe makosa ya sentensi zangu. Amekubali. Maneno ya watu nayaweka kama yalivyosemwa, bila kuyasahihisha.

Mimi ni mjane. Tangu mwaka 2019 nafuga kasuku wadogo wa rangi ya kijani, manjano na buluu, ambao hapa mjini tunawaita perruche. Nilianza na jozi mbili katika tundu la dirishani. Kufikia Januari mwaka huu ndege walikuwa kumi na wawili, na majike walianza kupigana kwa sababu ya visanduku vya kutagia. Mmoja alimng'oa mwenzake ukucha. Ndege hawa wanahitaji nafasi ya kuruka, na visanduku viwe vingi kuliko jozi, la sivyo wanaumizana.

Mnamo tarehe 24 Januari, saa nne asubuhi, nilikwenda Katindo kwa Mama Gisèle. Mume wake alikuwa amehamishiwa Kisangani, naye aliuza tundu lao kubwa la nje. Lilikuwa na urefu wa mita nne na upana wa mita mbili, na mtu aliweza kusimama ndani yake bila kuinama. Nguzo zake zilikuwa mabomba manne ya chuma. Kuta zilikuwa vipande sita vya wavu. Mlango ulikuwa wa mara mbili: mtu anaingia, anafunga wa kwanza nyuma yake, ndipo anafungua wa pili, ili ndege wasitoroke. Kila nguzo ilisimama juu ya mguu wa saruji wenye kipande cha chuma kinachochomoza katikati. Mafundi walizifungua nguzo, kisha wakaichimbua miguu yote minne ikiwa mizima.

Ili vitu visichanganyike, nilichukua rangi nyekundu nikaandika namba, moja hadi nne kwenye miguu, na moja hadi nne kwenye nguzo. Hilo nililifanya mimi. Hakuna aliyenituma.

Ijumaa, tarehe 28 Januari, Carlos, fundi wa mtaani kwetu anayesukuma chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, alivileta vitu vyote Lac Vert kwa safari mbili.

Kiwanja changu hakikufaa. Ni mawe matupu ya volkano, makali, na upepo wa ziwa unaingia kutoka pande mbili. Jirani yangu, Muzee Léopold, alikuwa na pembe nzuri nyuma ya nyumba yake, yenye ukuta wa mawe upande wa upepo na kivuli cha mparachichi saa za mchana. Muzee Léopold alikuwa mtu wa vilima vya Masisi, mfugaji wa ng'ombe. Alifika Goma mwaka 2013 baada ya familia yake kupoteza kilima chao. Tulikaa ujirani miaka tisa. Kila asubuhi aligonga ukuta wangu kwa fimbo mara mbili, nami nilijibu kwa kugonga sufuria, na hapo kila mmoja alijua mwenzake ameamka. Mke wake, Mama Élisabeth, anauza jibini ya Masisi sokoni Birere. Mtoto wao, Lionel, mwenye miaka ishirini na saba, huwa Masisi na ng'ombe wachache waliobaki, na hushuka mjini mara moja kwa miezi miwili.

Nilipomwomba Muzee Léopold ile pembe siku hiyo hiyo, alicheka. Alisema: «Leta bandege bako, Mama mwalimu. Mutu alilinda ng'ombe mia hawezi kushindwa na bandege kumi na mbili.»

Nilimwambia tuandike. Alisema si lazima, kwani tumejuana. Nilimjibu kwamba watu wanaojuana ndio wanaogombana. Niliketi kwenye benchi lake nikaandika kwamba yeye, Léopold, ananipa mimi, Katungu Ernestine, ruhusa ya kutumia pembe ya kaskazini ya kiwanja chake kwa ujenzi, bila ukomo wa muda. Niliandika hivyo kwa sababu ndege wakihamishwa katikati ya kutaga wanaacha mayai. Kuhusu ndege wenyewe sikuandika neno, kwa kuwa niliona jambo hilo linajulikana. Muzee Léopold hakujua kusoma. Alitia kidole gumba. Carlos alisaini kama shahidi. Mama Élisabeth alikuwa Birere na Lionel alikuwa Masisi. Sikuona sababu ya kuwangojea.

Siku zilizofuata nilisafisha wavu. Wavu wa zamani huwa na unga mweupe ambao ndege wakiutafuna wanakufa. Nilisugua vipande vyote sita kwa brashi ya chuma na siki, nikavisuuza mara mbili kwa maji ya javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, nikaviacha juani.

Alhamisi, tarehe 10 Februari, Carlos aliisimamisha miguu minne ya saruji katika pembe ya Muzee Léopold. Alisaidiwa na mwanangu Benny, mwenye miaka thelathini na minne, mfanyabiashara wa maharagwe kati ya Butembo na Goma, ambaye hulala kwangu akiwa mjini. Kwetu ardhi haichimbwi kwa jembe. Unapasua mwamba kwa nyundo kubwa hadi upate shimo la kiganja kimoja, unaweka mguu, unashindilia mawe, unamimina saruji. Kisha unaacha saruji ikauke siku tatu kabla ya kufunga nguzo. Carlos aliiacha nyundo yake hapo kwa ajili ya kazi ya Jumatatu. Nguzo zililala chini. Wavu uliegemezwa ukutani.

Hivyo kwa siku mbili kilichosimama katika pembe ile ni mawe manne ya saruji tu, kila moja na chuma katikati na namba nyekundu juu. Katika mji huu, mtu akiona jiwe la namna hiyo kwenye kiwanja hafikirii ndege. Anafikiria borne, jiwe la wapimaji wa ardhi, linalopandwa siku kiwanja kinapopata mwenyewe mpya. Mimi nilipita hapo mara kumi nikaona tundu la ndege, kwa sababu tundu lilikuwa kichwani mwangu.

Jumamosi, tarehe 12 Februari, saa tisa na dakika ishirini alasiri, nilikuwa kando ya ukuta unaotenganisha viwanja vyetu. Nilikuwa nimewaweka ndege wote kumi na wawili katika tundu dogo la safari juu ya ukuta, wapate jua. Muzee Léopold alikuwa amelala ndani baada ya kula. Mama Élisabeth alikuwa Birere. Lionel aliingia kutoka barabarani na mfuko begani. Alifika kwenye pembe, akasimama. Aliuzunguka mguu wa kwanza, kisha wa pili. Aliusukuma wa tatu kwa kiatu.

Aliniuliza: «Mama mwalimu, ni nani alipanda zile borne kwa baba?»

Nilimjibu kwamba si borne, ni miguu ya tundu la ndege.

Alisema: «Bandege banakuwaka na borne?»

Hakupaza sauti. Nilipaswa kuingia ndani nimwamshe baba yake. Badala yake nilimwambia angoje, nina karatasi. Nilikwenda kuileta. Niliamini kwamba karatasi ingemaliza maneno.

Lionel alisoma shule hadi mwaka wa nne wa sekondari. Aliisoma kwa sauti. Alipofika kwenye «kwa ujenzi, bila ukomo wa muda», aliacha kusoma. Aliangalia alama ya kidole kwa muda mrefu. Kisha alisema: «Ata kule Masisi balituonesha karatasi ya namna hii. Na kidole ya baba ilikuwa pale pale chini.»

Nilimjibu: «Karatasi hii ni halali.»

Hayo ndiyo maneno niliyomjibu. Nilikuwa na maneno mengine mengi ya kuchagua.

Aliikunja karatasi akaitia mfukoni. Aliishika nyundo ya Carlos. Mguu wa kwanza ulipasuka kwa mapigo mawili, wa pili kwa mapigo matano. Kila pigo aliliambatanisha na jina, na sikuyajua majina hayo. Nadhani ni ya watu wa kule. Nilimwambia aache. Nilikuwa nimesogea mno, na kipande cha saruji kiliruka kikanichana shavu. Aligeuka akapiga kipande cha wavu kilichoegemezwa ukutani, nacho kikaangukia tundu la safari. Nasema kweli kwamba hakuwalenga ndege. Watatu walipondwa hapo hapo. Dume mmoja wa kijani alibaki anapiga bawa moja chini. Nilimwokota, nikamshika mkononi. Alinidonoa mpaka alipokufa.

Benny alitoka nyumbani kwangu aliposikia. Aliona damu usoni mwangu na nyundo mkononi mwa Lionel.

Alisema: «Weye, unapiga mama yangu?»

Lionel hakuwa amenipiga. Nilipata nafasi ya kulisema hilo. Nilikuwa bado nimemshika ndege, sikulisema.

Lionel alimwambia Benny: «Muliona muzee hajui kusoma, mukamuvizia.»

Benny alimjibu: «Mulikuya apa mikono mitupu, leo munavunja bitu ya benyewe.»

Kisha Benny alimpiga ngumi mdomoni. Lionel aliangusha nyundo. Alimkaba Benny koo akamwangusha kwenye mawe, na mawe yale ni kama chupa zilizovunjika. Alimgongesha kichwa mara mbili. Alimpiga ngumi hadi meno mawili ya mbele yakatoka, nami niliyaona yakianguka. Benny alimng'ata mkono juu ya kiwiko na hakuachia upesi. Shati la Benny lilichanika mgongoni pamoja na ngozi. Ilikuwa kazi ya dakika tatu au nne. Mwishowe Lionel alikuwa juu, goti lake kifuani mwa Benny, na angeweza kuendelea. Hakuendelea. Alisimama akarudi nyuma. Alisema: «Inatosha.»

Wakati huo Muzee Léopold alitoka nje. Alikuwa miguu mitupu, shati halijafungwa vifungo. Sikio lake moja lilikuwa halisikii vizuri, nadhani ndiyo sababu alichelewa.

Alisema: «Lionel, acha. Ni bandege. Miye njo niliitika.»

Lionel alimgeukia. «Baba, ulitia kidole?»

«Nilitia. Ni nyumba ya bandege ya Mama mwalimu. Utaona, iko na milango mbili.»

Lionel aliiangalia ile miguu miwili iliyopasuka. Aliniangalia mimi na ndege niliyekuwa nimemshika. Alifunika macho kwa mkono akaanza kucheka, si kicheko cha kudharau, bali kile cha mtu aliyeona amefanya ujinga mkubwa. Muzee Léopold naye alikuwa anatabasamu. Naomba Afisa aliweke hili mahali panapoonekana: ugomvi ulikuwa umekwisha.

Benny aliinuka nyuma ya Lionel akiwa na nguzo ya chuma mikononi. Ilikuwa nguzo namba tatu. Namba hiyo niliisoma. Aliiinua kwa mikono miwili. Lionel alikuwa amempa mgongo. Muzee Léopold ndiye aliyeona. Alimsukuma mwanawe pembeni kwa bega, akabaki yeye mahali pale. Nguzo ilimpata juu ya sikio la kulia.

Alikaa chini kwanza, kama mtu anayetafuta benchi. Kisha alilala. Damu ilitoka sikioni na puani. Mguu wake mmoja ulikwaruza mawe mara kadhaa, ukatulia. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini.

Mwanangu Benny ndiye aliyempiga Muzee Léopold. Lionel hakumgusa baba yake isipokuwa kumwinua.

Lionel alipiga magoti akakiweka kichwa cha baba yake mapajani. Nyundo ilikuwa kando ya goti lake, pale ilipoanguka. Benny aliitupa nguzo juu ya zile nyingine tatu. Watu walikuwa wanaingia kutoka barabarani kwa sababu ya kelele, wanawake wachache na waendesha pikipiki. Benny alinyoosha kidole akasema kwa nguvu: «Ameua baba yake. Na nyundo.»

Alilisema mara moja tu. Wengine waliendelea kulisema.

Waendesha pikipiki walikuwa kama ishirini. Waliokota mawe. Mawe ya kwanza yalimpata Lionel mgongoni na kichwani. Aliinama juu ya baba yake, hakuinua mikono kujikinga. Walimvuta kwa miguu. Alimshikilia baba yake kwapani, kwa hiyo waliwavuta wote wawili, aliye hai na mfu, hadi kwenye njia. Mmoja alimkanyaga mkono na nikausikia unavunjika. Mwingine alimpiga teke la taya. Mwanamke mmoja nisiyemfahamu alimtemea mate akimwambia kwamba hata mbwa hamuumi aliyemlea. Mwendesha pikipiki mmoja alikwenda akarudi na tairi.

Lionel aliniona. Taya lake lilikuwa limevunjika lakini maneno yalieleweka. Alisema: «Mama mwalimu, sema.» Alirudia: «Sema.»

Nilikuwa mbali naye kama kutoka dawati la kwanza hadi ubaoni.

Saa kumi na dakika tano polisi wawili walifika kwa miguu. Mmoja alipiga risasi hewani, watu wakaacha. Polisi wa pili alinijia mimi, kwa kuwa nilikuwa mzee kuliko wote na nilikuwa na damu usoni. Aliniuliza: «Mama, ni huyu?»

Niliiangalia nyundo. Sikusema ndiyo, wala sikusema hapana. Yeye aliandika ndiyo.

Muzee Léopold alipelekwa hospitalini kwa gari la mpita njia. Walituambia kwamba alikwisha kufa kabla ya kufika.

Jumapili, tarehe 13 Februari, sikwenda misani. Benny aliamka saa kumi na mbili. Aliziosha nguzo zote nne kwa javeli, akaanza na namba tatu. Kisha alilijenga tundu katika kiwanja changu, pale nilipokwisha kusema hapafai. Alishindilia nguzo kwa marundo ya mawe bila saruji, akafunga wavu, akaweka mabati nusu ya juu, akatundika visanduku vinane. Alifanya kazi siku nzima bila kula, kwa sababu ya mdomo wake. Alipomaliza alisema: «Mama, njo hii ulitaka.» Jumatatu asubuhi alipanda lori la kwenda Butembo.

Afisa ameniuliza kwa nini sikumzuia. Sikumzuia.

Ndege wanane waliobaki wamo ndani ya tundu hilo. Nimewapa mtama, maji na maganda ya mayai kila siku kwa siku ishirini na tatu, na kila siku nimeufungua mlango wa pili nikiwa nimesimama karibu na nguzo namba tatu. Iko pembe ya kushoto ukiingia. Mkienda kuichukua, tegemezeni kwanza bati, maana ndiyo inayolibeba.

Nitasema sasa ni nini kilichonileta.

Juzi, Jumapili tarehe 6 Machi, saa sita mchana, Mama Élisabeth alikuja kwangu akitoka misani. Aliniletea kipande cha jibini. Mtaani kwetu asiyejua kuandika huja kwangu nimwandikie, na ni kazi niliyoifanya kwa miaka mingi bila kuuliza sana. Alitaka barua kwa hakimu. Alisema: «Andika muzuri, Mama mwalimu, juge asikie.»

Alinitolea maneno, nikaandika. Barua ninayo hapa na nimeikabidhi kwa Afisa. Inasema kwamba yeye, Élisabeth, hana tena mtoto anayeitwa Lionel. Inaomba mtu huyo asiachiliwe, hata akiugua. Inasema kwamba tangu siku ya mazishi hajampelekea chakula wala hatampelekea, na kwamba mtu yeyote atakayekuja kituoni na sahani akitaja jina lake ni mwongo. Kila mtu katika mji huu anajua kwamba mfungwa asiyeletewa chakula na watu wake hali kitu.

Nilipomaliza alinitaka nimsomee. Nilisoma mpaka kwenye jina la mtoto, nikashindwa. Alidhani namlilia mume wake. Alinishika mabega. Alisema: «Pole, Mama mwalimu. Nawe ulimuzoea muzee.» Yeye ndiye aliyenifariji mimi. Alinichotea maji katika mtungi wangu mwenyewe, akanishikia kikombe.

Alitia kidole gumba chini ya barua, mahali nilipomwonyesha. Sikumwambia. Niliahidi kuipeleka.

Jana, Jumatatu, saa moja asubuhi, nilimpigia Benny simu. Nilimwambia arudi ajitoe mwenyewe. Alisema muzee alikwisha kufa na hakuna kitakachomrudisha. Alisema: «Lionel hana muke hana mutoto, atatoka siku moja. Miye niko na batoto batatu, Mama. Banakuita kukhu. Utabaambia nini?» Kukhu ni bibi kwa lugha yetu. Nilimjibu kwamba nitawaambia kilichotokea. Nilimwambia kwamba nakuja hapa leo asubuhi, na kwamba nampa hadi Ijumaa, tarehe 11, saa sita mchana, aamue kama atakuja kwa miguu yake au ataletwa. Alikata simu. Baada ya dakika chache alipiga tena. Hakusema lolote kuhusu jambo lile. Aliuliza tu kama ndege wameangua. Nilimjibu kwamba wameangua watatu.

Afisa ameniuliza nyumba anamolala Benny. Naijua. Nimekataa kuitaja leo, kwa sababu nilimpa neno langu hadi Ijumaa. Amenieleza kwamba anaweza kunishikilia kwa kukataa huko. Najua. Nimekuja na shuka yangu na dawa zangu za shinikizo la damu, zimo katika mfuko huu. Ndege nimemwachia Carlos.

Naomba mambo mawili. Kwanza, mkono wa Lionel utazamwe na daktari, kwa maana nimeambiwa kwamba haujafungwa vizuri na umeanza kushikana ukiwa umepinda. Pili, pale mapokezi nimeacha sufuria ya fufu na maharagwe. Apewe, na asiambiwe imetoka kwa nani.

Nikiruhusiwa kutoka, nitakwenda moja kwa moja Birere, kwenye meza ya jibini ya Mama Élisabeth. Nitamwambia mbele ya wauzaji wenzake na wateja wake, kwa sauti ya darasani, kwa kuwa mtoto wake alishtakiwa mbele ya watu. Atanifanya atakavyo. Sitaki polisi wanisindikize.

Niliyoyaona kwa macho yangu, na niliyoyafungia mdomoni mwangu, yote nimeyaandika. Nimeyasoma tena tangu mwanzo na sioni la kufuta.

(Saini) Katungu Ernestine

Maandishi ya afisa: Shahidi ameandika mwenyewe, kwa hiari, na ameyasoma kwa sauti mbele yangu. Barua yenye kidole gumba cha Élisabeth imeambatanishwa. Karatasi ya tarehe 28 Januari imepatikana leo miongoni mwa vitu vya Lionel vilivyohifadhiwa tangu siku ya kukamatwa. Ilikuwa haijafunguliwa na mtu. Askari wawili wametumwa Lac Vert kuchukua nguzo namba tatu. Chakula kimepelekwa mahabusu. Shahidi ameonywa kuhusu kukataa kutaja makao ya Benny, na ameshikilia msimamo wake. Nimemruhusu kuondoka kwa sharti kwamba asitoke mjini. Saa sita na dakika ishirini mchana. (Saini) Aksanti

Imeongezwa kwa mkono wa shahidi, mlangoni: Mwanangu akiamua kuja, nitawaandikia siku na saa, ili msimwendee njiani na bunduki. Akiamua kutokuja, nitawaandikia jina la nyumba na rangi ya mlango wake. Akishaamua, nitaandika.